Nepi ya Mtoto Anayenyonya Inasema Nini

Mazungumzo ya afya kwa wazazi na walezi wa Awendo, Kaunti ya Migori



Katika kliniki ya mama na mtoto, swali la choo cha mtoto halikosi kuulizwa. Mama mmoja huuliza kwa sababu mtoto wake wa wiki mbili anachafua nepi kila anaponyonya, na jirani amemwambia kwamba huko ni kuhara. Wa pili ana mtoto wa miezi miwili ambaye hajapata choo kwa siku tano, na nyumbani tayari dawa ya mitishamba imechemshwa. Wa tatu haulizi kitu. Mtoto wake wa wiki tatu ni mtulivu, analala sana, na majirani wanamsifu. Lakini choo chake ni cheupe kama majivu.

Kati ya watoto hao watatu, wawili wa kwanza huenda hawana ugonjwa wowote. Wa tatu ndiye anayepaswa kumwona daktari siku hiyo hiyo. Mazungumzo ya leo yanahusu kutofautisha hali hizo, ili mtoto mzima asinyweshwe dawa, na mtoto mgonjwa asicheleweshwe nyumbani.

Siku tano za mwanzo

Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi kinachoelekea kijani, kizito na chenye kunata kama lami. Hicho ni mabaki ya vitu alivyomeza akiwa tumboni mwa mama. Kwa kawaida hutoka ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Mtoto ambaye saa 24 zimepita bila choo hicho anafaa kuangaliwa na muuguzi au daktari, hasa ikiwa tumbo limevimba au anatapika, kwa maana huenda utumbo umeziba.

Dawa ya kusukuma choo hicho ipo tayari kifuani mwa mama. Ni yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, yanayoitwa dang'a. Wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu au yamekaa sana. Ukweli ni kinyume chake. Dang'a hulainisha tumbo na kulisafisha, na yana kinga nyingi dhidi ya magonjwa. Ni machache, lakini tumbo la mtoto wa siku moja nalo ni dogo sana. Kiasi cha kijiko cha chai kwa mnyonyesho mmoja humtosha. Ndiyo maana mtoto anapaswa kuwekwa titini ndani ya saa moja ya kwanza.

Siku ya tatu na ya nne choo hubadilika kuwa cha kijani au kahawia, na kulegea. Ifikapo siku ya tano huwa cha manjano. Mabadiliko haya ni habari njema, kwa sababu yanaonyesha kwamba maziwa yameshuka na mtoto anayameza. Mtoto wa siku tano ambaye bado anatoa choo cheusi huenda hapati maziwa ya kutosha. Mama aende kituoni aangaliwe jinsi mtoto anavyoshika titi.

Hesabu ya mkojo

Kabla ya kuhangaikia choo, mzazi ahesabu mkojo. Siku ya kwanza nepi moja iliyolowa inatosha, siku ya pili mbili, na huongezeka hivyo hivyo. Kuanzia siku ya tano au ya sita, mtoto anayenyonya vizuri hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na mkojo wake hauna rangi au una rangi hafifu.

Siku mbili au tatu za mwanzo, doa la rangi ya matofali linaweza kuonekana kwenye nepi. Si damu, ni chumvichumvi za mkojo mzito. Doa hilo likiendelea baada ya siku ya tano, ni ishara kwamba maziwa yanayomfikia mtoto ni machache. Mtoto wa kike naye anaweza kutoa tone la damu au ute sehemu za siri katika wiki ya kwanza. Husababishwa na homoni za mama alizozaliwa nazo, na huisha zenyewe.

Uzito nao ni shahidi. Watoto wengi hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha hurudia uzito wa kuzaliwa wanapofika wiki mbili. Kwa sababu hiyo mtoto asikose kupimwa, na grafu iliyo kwenye kijitabu cha mama na mtoto isiachwe tupu.

Choo cha manjano, mara nyingi kwa siku

Choo cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee ni chepesi, cha manjano kama haradali, na mara nyingi kina chembechembe nyeupe mfano wa mbegu. Harufu yake si kali. Katika wiki sita za mwanzo mtoto anaweza kupata choo mara tatu, mara nne, hata baada ya kila mnyonyesho. Tumbo linapopokea maziwa, utumbo wa chini husukuma kilichokuwamo. Huko si kuhara.

Kuhara hutambulika kwa mabadiliko. Mama anayejua choo cha mtoto wake cha kila siku ataona kimeongezeka ghafla, kimekuwa maji matupu, au kina harufu mbaya, kamasi au damu. Mara nyingi mtoto pia huwa na homa, hutapika au hukataa kunyonya. Kwa hiyo kipimo si choo cha mtoto wa jirani. Kila mtoto alinganishwe na choo chake mwenyewe cha jana.

Baada ya wiki sita, siku kadhaa bila choo

Hapa ndipo nyumba nyingi huingiwa na wasiwasi. Mtoto aliyekuwa akichafua nepi tano kwa siku hufikisha wiki sita hivi, na ghafla zinapita siku mbili, tatu, tano, wakati mwingine wiki nzima. Nyanya anasema tumbo limefunga. Mwingine anataja jicho baya, sihoho. Mama mzazi, ambaye ni mgeni katika boma hilo, hana neno la kujibu.

Jibu ni kwamba maziwa ya mama huyeyushwa na kutumika mwilini karibu yote. Utumbo wa mtoto ukikomaa, mabaki huwa machache na huchukua muda kujaa. Mtoto huyo hajafunga choo. Kufunga choo maana yake ni choo kigumu, kikavu, cha vipande kama vya mbuzi, kinachotoka kwa maumivu. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee ni nadra kupata hali hiyo. Choo kikitoka laini baada ya siku sita, basi hata hizo siku sita hazikuwa na tatizo. Kukunja uso, kuwa mwekundu na kukaza mwili wakati wa kujisaidia pia ni kawaida, kwani mtoto bado anajifunza kusukuma akiwa amelala chali.

Mambo manne yaangaliwe. Je, ananyonya kama kawaida? Je, anakojoa nepi sita au zaidi? Je, tumbo ni laini? Je, uzito unaongezeka? Jibu likiwa ndiyo kwa yote manne, hahitaji dawa. Likiwa hapana kwa lolote, apelekwe kituoni. Mtoto aliye chini ya wiki sita naye, akikaa siku mbili bila choo, aangaliwe unyonyaji wake na uzito wake, kwa sababu katika umri huo choo kichache mara nyingi kina maana ya maziwa machache.

Kipande cha sabuni, kijiti au bomba la maji visitiwe katika njia ya haja ya mtoto. Huchubua, huumiza, na huweza kuleta maambukizi.

Rangi zinazotisha na zisizotisha

Manjano, kahawia na kijani zote ni rangi za nyongo, kwa hiyo ni salama. Choo cha kijani mara moja moja hakina neno. Kikiendelea siku nyingi, chenye povu, na mtoto ana gesi nyingi, mama amwache mtoto amalize titi moja kabla ya kumpa la pili. Maziwa ya mwisho wa mnyonyesho yana mafuta mengi zaidi, hushibisha, na hupita polepole.

Nyekundu ni damu hadi ithibitishwe vinginevyo. Wakati mwingine chanzo ni chuchu ya mama iliyopasuka, mtoto akameza damu hiyo. Hata hivyo uamuzi huo ni wa mhudumu wa afya, si wa kukisia nyumbani. Choo cheusi kama lami kinachorudi baada ya choo kuwa cha manjano pia kipelekwe kuangaliwa upesi, ila ikiwa mtoto anapewa dawa ya madini ya chuma.

Rangi inayopuuzwa zaidi ni nyeupe, ya majivu au ya udongo mkavu. Choo kisicho na rangi maana yake nyongo haifiki tumboni. Watoto wachache huzaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba au inayoendelea kuziba. Mtoto wa namna hiyo huonekana mzima wiki za mwanzo. Ananyonya na kulala, lakini macho yanabaki ya manjano na mkojo unakuwa mweusimweusi kama chai na kuacha doa kwenye nepi. Ipo operesheni ya tatizo hilo, iliyoanzishwa na daktari wa Japani, Morio Kasai, katika miaka ya 1950. Hufaulu zaidi ikifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60. Kila wiki inayopotea ikisubiriwa "manjano iishe yenyewe" inaharibu ini. Nchini Taiwan, tangu 2004, wazazi hupewa kadi ya rangi za choo pamoja na kijitabu cha mtoto ili walinganishe nyumbani. Hapa kwetu kadi ikikosekana, macho ya mama yanatosha, mradi nepi iangaliwe mchana, kwenye mwanga wa jua.

Manjano ya macho na ngozi ni ya kawaida kwa watoto wengi kuanzia siku ya pili au ya tatu. Ikionekana siku ya kwanza, ikifika viganjani na nyayoni, au ikiendelea baada ya siku 14, mtoto apelekwe hospitali.

Kucheua, gesi na kilio cha jioni

Mtoto anayecheua maziwa kidogo baada ya kunyonya na kuendelea kucheka hana ugonjwa. Mlango wa tumbo lake bado haujakaza. Abebwe wima kwa dakika chache na kubeuliwa. Kutapika ni jambo jingine. Matapishi ya kijani ni dharura ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Matapishi yanayoruka mbali baada ya kila mnyonyesho, kwa mtoto wa wiki chache ambaye uzito unashuka, nayo yanahitaji daktari.

Kilio kirefu cha jioni huanza wiki ya pili hivi, huzidi karibu na wiki ya sita, na hupungua mtoto anapofika miezi mitatu au minne. Kumbeba, kumtembeza na kumkanda tumbo polepole husaidia. Baba achukue zamu, kwa sababu mama aliyechoka sana hupoteza subira, na maziwa yake hayashuki vizuri.

Maji, manyasi na chupa za dukani

Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya ya Kenya zinaelekeza mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, bila maji, glukosi, uji wala mitishamba. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 60 ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi sita hulishwa hivyo. Mwaka wa 2003 walikuwa asilimia 13 tu. Hatua ni kubwa, lakini watoto wanne kati ya kumi bado hupewa kitu kingine.

Joto la Awendo si sababu ya kumpa mtoto maji. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, tena safi kuliko ya mto Sare au ya kisimani. Kikombe cha maji hujaza tumbo dogo bila kulisha, na kinaweza kuingiza vijidudu vya kuhara. Manyasi yanayochemshwa kwa nia njema hayana kipimo. Ini na figo za mtoto mchanga hazijakomaa kuyahimili. Nyanya anayetaka kumlinda mjukuu anayo kazi muhimu zaidi: kumpikia mama chakula, kumteka maji, na kumwachia muda wa kunyonyesha.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako VVU vimeathiri familia nyingi. Mwaka wa 1999, watafiti mjini Durban, Afrika Kusini, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wa akina mama wenye VVU walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee waliambukizwa kwa kiwango kidogo kuliko waliochanganyiwa vyakula na vinywaji vingine. Inadhaniwa kwamba vyakula hivyo huchubua utumbo mchanga na kuvifungulia virusi njia. Leo mama anayemeza dawa za ARV kila siku, akazidhibiti vizuri, na mtoto akapewa dawa zake za kinga na kupimwa kwa wakati, anaweza kunyonyesha bila hofu kubwa. Asichanganye, na asikose kliniki.

Mama anayerudi kazini

Mama anayerudi kupalilia miwa, sokoni au kiwandani huwa na haraka ya kuanzisha uji. Upo msaada mwingine. Maziwa yanaweza kukamuliwa kwa mkono safi, yakawekwa katika chombo safi chenye kifuniko mahali penye ubaridi, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe ndani ya saa nne. Kikombe husafishika kwa urahisi kuliko chupa. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na mfanyakazi ana haki ya kuulizia.

Mtoto akihara

Mtoto anayehara hupoteza maji na chumvi, na hilo ndilo humuua. Kunyonyesha kusisimamishwe, kuongezwe mara na muda. Mzazi apate ORS na zinki kituoni au kwa mhudumu wa afya ya jamii. ORS ikorogwe kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, itumike ndani ya saa 24, na mtoto anyweshwe polepole kwa kijiko au kikombe kila anapohara. Hiyo ni tiba, kwa hiyo mtoto anayehara hupewa hata kama hajafika miezi sita. Zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukiisha: nusu ya kidonge cha miligramu 20 kwa aliye chini ya miezi sita, na kidonge kizima kwa aliyepita umri huo. Dawa za kuzuia kuhara za watu wazima na viuavijasumu vya kununua ovyo visitumike.

Kinga ni bora. Chanjo ya rotavirusi, iliyoanza kutolewa Kenya Julai 2014, huanza mtoto akiwa na wiki sita. Kinyesi cha mtoto nacho kina vijidudu, hata kama hakinuki. Kitupwe chooni. Nepi za kitambaa zifuliwe kwa sabuni mbali na mto na zianikwe juani. Nepi za kutupa zisiachwe kwenye miwa wala kando ya barabara. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kubadilisha nepi na kabla ya kunyonyesha.

Miezi sita na kuendelea

Uji wa wimbi, viazi vitamu, ndizi, mboga na omena iliyosagwa vikianza, choo hugeuka tena. Huwa kizito, cha kahawia, chenye harufu, na vipande vya karoti au maharagwe hupita kama vilivyoliwa. Hiyo ni kawaida. Kikiwa kigumu, mtoto aongezewe maji safi, matunda kama papai, na maziwa ya mama. Kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Dalili za kumpeleka mtoto kituoni bila kungoja

• Choo cheupe, cha majivu au chenye damu.
• Hajapata choo cha kwanza ndani ya saa 24.
• Hajakojoa kwa saa sita, au mkojo ni mweusi.
• Utosi au macho yamezama, au ngozi ya tumbo ikivutwa hairudi upesi.
• Anatapika kijani, au anatapika kila kitu.
• Tumbo limevimba na ni gumu.
• Amelegea, haamki kunyonya, ana degedege, anapumua kwa shida, au mwili una joto jingi au ubaridi.

Mzazi akiona mojawapo, amnyonyeshe mtoto njiani, ambebe akiwa amefunikwa vizuri, na achukue kijitabu cha mama na mtoto pamoja na ile nepi iliyomtia shaka, ikiwa imefungwa kwenye mfuko safi. Mhudumu akiiona mwenyewe ataamua upesi zaidi kuliko kwa maelezo. Kama ni usiku, aanze na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake au aende moja kwa moja hospitali iliyo karibu. Anayeona aibu kubeba nepi chafu akumbuke kwamba wauguzi wameziona nyingi, na hakuna atakayemcheka.